Muulize Anayekaa Kando Yake

Kile kisanduku kilifungwa ukutani Jumatatu asubuhi, pale mlangoni tunapotokea. Kilikuwa na vitufe vitatu vyenye sura: ya kijani inatabasamu, ya manjano imenyoosha mdomo tu, nyekundu imenuna. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: Leo hali yako ikoje? Sidi Nizar, mwenye kiwanda, alisimama kando yake kama baba aliyeleta baiskeli nyumbani, akatueleza kwamba kila mtu abonyeze sura moja kabla ya kuondoka. Hakuna jina, alisema, hakuna kamera, tuwe huru kabisa.

Sisi tunashona mashati. Kiwanda alikianzisha marehemu baba yake, ukingoni mwa mji wa Moknine, kwenye barabara inayoingia mashamba ya mizeituni, na mashati yetu huvuka bahari kwenda kuvaliwa na watu ambao hatutawaona. Mimi nilikuwa msimamizi wa safu ya kola. Usimamizi wenyewe ulikuwa mchanga. Niliupata baada ya kumaliza masomo ya jioni, niliyoyasoma nikiwa na mimba kubwa hata nikawa nakaa upande kwenye dawati, na siku kisanduku kinaletwa binti yangu Yakin alikuwa bado hajaota jino.

Kabla ya wenzangu kuonyeshwa kisanduku, Sidi Nizar alikuwa ameniita ofisini peke yangu. Kola zetu zilikuwa zinarudi. Ncha moja inakuwa ndefu kuliko nyingine, au mshono unatembea pembeni pale unapotakiwa kunyooka. Ilianza mwanzoni mwa kiangazi, na wanunuzi walikuwa wamechoka kuandika malalamiko. Halafu wasichana walikuwa wakiondoka mmoja mmoja kwenda viwanda vya jirani, wakiaga kwa mabusu na dua, bila kusema kwa nini. Sidi Nizar alikuwa amehudhuria mkutano wa wenye viwanda huko Sousse, akasikia kwamba mfanyakazi mwenye furaha hushona vizuri zaidi, haumwi ovyo wala haondoki. Neno hilo lilimwingia. Akanunua kisanduku.

"Kikisema hawana furaha, Raudha, nitatafuta la kufanya," aliniambia. "Lakini kikisema wana furaha na kola bado zinarudi, basi tatizo liko mikononi, na mikono mipya sina. Nitaifunga safu yako. Kuna karakana Ksar Hellal iko tayari kunishonea kola zote, na cherehani zenu itazichukua."

Nikamuuliza, na sisi?

Akatazama dirishani. Tungefunga kwa likizo ya Agosti kama kila mwaka, alisema, na Septemba safu yetu isingefunguliwa. Akaniomba nisimwambie mtu, maana wakijua, majibu yataharibika. Nikaahidi. Nisiseme uongo, nilitoka pale nikiwa na matumaini. Nilijua wenzangu wamechoka. Nilijua wasichana hawaondoki kwenye raha. Nikajisemea, jioni kile kitufe chekundu kitafutika rangi.

Ilipofika saa ya kutoka, Khalti Mabruka ndiye aliyetangulia. Sote tunamwita Khalti, mama mdogo, ingawa hana udugu na yeyote kati yetu. Alikuwa anashona hapa tangu wakati wa baba yake Sidi Nizar. Alizitazama zile sura moja moja kama mtu anayechagua nyanya.

"Nimeamka na miguu yangu," akasema. "Wajukuu wangu wamekula. Sasa nimnunie Mungu?"

Akabonyeza ya kijani, akabusu kidole chake, akapita.

Nyuma yake alikuwepo Sondos, bibi harusi wetu wa kiangazi kile. Akasema ile nyekundu ni mama mkwe wake mtupu, hata kidevu ni kilekile, na kwa kuwa hajaolewa bado, si vizuri aanze kumtia kidole puani. Watu wakacheka, kijani kikabonyezwa. Meherzia, mshonaji wetu mahiri wa ncha za kola, alikuwa tayari na mkoba begani. Alibonyeza ya kijani bila kuitazama, kama mtu anayeitikia salamu huku anatembea.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Mgongo unaniuma, kifua kimejaa kinauma, moyo uko nyumbani kwa mwanangu tangu asubuhi. Mkono ukainuka wenyewe ukaenda kwenye kijani. Ulikuwa unaijua njia.

Wiki nzima ikawa hivyo. Sidi Nizar akaniita, akanigeuzia kompyuta nione. Kijani kilijaa kama shamba baada ya mvua.

"Nilikuwa naomba wanichukie kidogo," alisema.

Nilimwambia mashine haijui kitu. Akanijibu kwamba mashine haina sababu ya kudanganya. Nilipomsihi, alikubali jambo moja tu, kwamba asiwatangazie chochote mpaka siku ya kufunga, ili Sondos aandae harusi yake kwa amani. Lori la karakana lingekuja siku hiyo hiyo kuchukua cherehani. Nikarudi nyumbani. Mama mkwe wangu alinipa Yakin mlangoni, akaniuliza kazini kulikuwaje. Nikamjibu salama.

Jumapili yake tulikuwa na kazi ya kuskusi, zile chembe ndogo za ngano. Kila kiangazi wanawake wa safu yetu hukutana kwa Meherzia, kwa kuwa ndiye mwenye ua mpana, kutengeneza ya mwaka mzima kwa nyumba zetu. Mabakuli makubwa ya mbao yanawekwa chini, mashuka yanatandazwa juu ya dari ya nyumba, na kazi inaanza: unanyunyiza maji, unavingirisha kwa viganja, unachekecha, unarudia. Mikono ikishughulika hivyo, midomo inafunguka. Nilimlaza Yakin kwenye mkeka chini ya mzabibu, nikakaa kati ya Sondos na Meherzia, nikiwa nimebeba siri yangu kama jiwe kwenye kiatu.

Nilitaka kujua, kwa hiyo nikauliza. Nikamwambia Meherzia, dada, kazini unaendeleaje, mbona kola zako siku hizi si zako?

"Salama, alhamdulillahi," akasema. "Joto tu."

Akajitwika sinia akapanda juu kwenda kutandaza. Hakuwa amefika nusu ya ngazi, Sondos akaniegemea.

"Joto. Usimsikilize huyo. Tangu saa zibadilishwe, chekechea ya mtoto wake inafunguliwa yeye yuko kazini. Anamwacha Tasnim kwa muuza mkate wa pale mkabala, amekaa juu ya gunia la unga, mpaka geti lifunguliwe. Halafu yeye anashona simu ikiwa mapajani, anangoja mke wa muuza mkate amtumie ujumbe kwamba mtoto ameingia. Mpaka ujumbe ufike, zile ncha zinakwenda zinakotaka."

Saa zilibadilishwa mwanzoni mwa kiangazi. Zamani tulikuwa tunaanza saa moja na nusu, na katikati ya asubuhi kulikuwa na nusu saa ya mkate. Sidi Nizar alituhurumia jua la mchana, akasogeza mwanzo wa kazi hadi saa kumi na mbili na nusu na kuiondoa ile nusu saa, ili tufike nyumbani kabla joto halijapanda. Alitutangazia kwa furaha kama mtu anayegawa peremende. Sote tulimshukuru. Wengine tulimwombea dua.

Sondos akaitwa ndani kuleta maji. Meherzia akashuka, akakaa, akamfuata kwa macho yule msichana.

"Umemwona alivyokonda?" aliniuliza. "Anasema ni harusi. Harusi gani? Basi linamchukua kijijini kwao kabla jua halijachomoza, nani atakula saa hizo? Zamani alikuwa anakula na sisi. Sasa anashona na tumbo tupu mpaka mchana. Mikono inamtetemeka, mimi nakaa kando yake naiona. Mlipotuondolea ule mkate mlifikiri nini?"

"Nani, mimi?"

"Ninyi watu wa ofisini."

Nilihisi uso unapata moto. Nikamuuliza, basi kwa nini Sondos hasemi?

"Aseme nini? Amwambie Sidi Nizar nina njaa? Msichana anakaribia kuolewa, aende kwa mwanamume akamwambie ana njaa?" Akachekecha kwa nguvu hata chembe zikaruka. "Na wewe, kwa kuwa umesoma, nieleze mtu anaanzaje kusema kitu kama hicho."

Nikamuuliza, na wewe mwenyewe kwa nini husemi habari ya Tasnim?

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue kilemba barabarani. Tasnim hajambo, akasema, anapewa mkate wa moto kila asubuhi, kuna watoto wangapi duniani hawana hata huo.

Adhuhuri ilipofika nilikuwa nimesikia habari ya kila mmoja, na hapana hata mmoja aliyetoa yake mwenyewe. Kila mdomo uliojisemea salama ulikuwa mfereji ulio wazi kwa habari ya mwenzake. Wala haukuwa umbea. Walisema kwa uchungu, kama mtu anayemwonyesha daktari mguu wa mtoto. Niliinuka nikaenda kumnyonyesha Yakin, na nilipokuwa namtazama anavyovuta, nikawaza kwamba huyu hata kulia kwa njaa yake haoni haya, na sijui ni lini hasa sisi wengine huanza kuona haya.

Kesho yake niliingia ofisini mapema. Sidi Nizar alikuwa mezani tayari. Shati alilovaa lilikuwa la Ijumaa. Macho yalikuwa mekundu, na simu aliyoilaza kifudifudi ilikuwa inatetemeka peke yake juu ya meza, haikupokelewa.

"Hali yako, Sidi Nizar?"

"Salama, alhamdulillahi."

Nikakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. "Kama kile kisanduku kingekuwa hapa mezani kwako leo," nikamwambia, "ungebonyeza ipi?"

"Ya kijani," alisema palepale. Simu ikatetemeka tena hadi ikafika ukingoni mwa meza, akaizuia kwa kiganja.

"Na nikimuuliza mkeo habari yako?"

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na pumzi. "Mke wangu angekivunja kile chekundu."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia sisi wote ni watu wa nyumba moja, tumelelewa kwa salamu moja, na mtu akiulizwa hali yake jibu linatoka kabla swali halijaisha. Kubonyeza sura ya kununa mbele ya Mungu aliyekupa uzima ni kukufuru, mbele ya mwajiri ni kuomba, mbele ya wenzako ni kujidekeza. Lakini habari ya anayekaa kando yako, hiyo unayo, na kuisema si dhambi. Nikamwomba awaulize watu habari za jirani zao.

Hakupenda. Alisema atakuwa anafuga umbea kiwandani.

"Umbea upo, Sidi Nizar. Tatizo lake ni kwamba haujawahi kufika ofisini."

Nikamwambia kuna sharti moja. Asiwepo hata mtu mmoja atakayepoteza kazi kwa alilosemewa na mwenzake. Kwa hili alifikiri muda mrefu zaidi kuliko nilivyotarajia, nami nikapata hofu, kwa sababu nilijua yapo mambo kwenye safu yangu ambayo mwenye kiwanda akiyasikia ana haki ya kukasirika. Mwisho aliapa kwa kaburi la baba yake.

Alikuja mchana, cherehani zilipozimwa. Alivuta kiti akaketi katikati yetu, akauliza kama nilivyomwelekeza. Ikawa aibu tupu. Huyu akasema jirani yake ni mchapakazi, yule akasema jirani yake ana moyo wa dhahabu, mwingine akasema jirani yake anapika vizuri. Sidi Nizar alinigeukia, na macho yake yalikuwa yanasema kwamba tumekwisha.

Khalti Mabruka ndiye aliyenusuru. Alivua kofia ya kuziba nywele, akajipangusia jasho.

"Nizar," akasema, bila Sidi, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mtoto anayelala juu ya marundo ya vitambaa. "Ukiambiwa utafanya nini?"

"Nitafanya ninaloweza, Khalti. Nisiloweza nitawaambia siwezi. Na hakuna atakayefukuzwa."

"Basi semeni," akatuambia. "Mnangoja nini, zabibu ziive?"

Meherzia akaanza, kwa sauti ya chini, habari ya Sondos na mkate. Sondos aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva, akangoja mwenzake amalize, kisha akalipa papo hapo: akamwaga habari ya Tasnim na gunia la unga na simu ya mapajani. Walikuwa wanatazamana kwa hasira kama watu wanaoshitakiana, na kumbe kila mmoja alikuwa anamtetea mwenzake. Wengine wakafuata. Kuna aliyesemewa mgongo, kuna aliyesemewa mume mgonjwa. Sidi Nizar hakuandika kitu. Alisikiliza, mikono yake ikiwa katikati ya magoti.

Akauliza, na Khalti je, nani anakaa kando ya Khalti?

Ni Sondos, ambaye upande mmoja ana Meherzia na wa pili ana Khalti. Akasema Khalti hajambo. Alisema akitazama sindano ya cherehani yake. Sote tukainamia cherehani zetu, kwa sababu tulikuwa tunajua.

"Sema, binti yangu," Khalti Mabruka akamwambia. "Mimi sitajisemea. Lakini ukisema wewe, sitakukana."

Sondos akaanza kulia kabla ya kusema. Ni yeye anayemtungia uzi kwenye sindano kila asubuhi, alisema, na kila unapokatika, tangu majira ya baridi. Khalti haioni tundu. Anashona kwa kupapasa, kwa mazoea, na kola nyingine zinazorudi ni zake, na yeye Sondos hutumia muda wake kuzifumua na kuzishona upya kwa siri, kisha zake mwenyewe anazifanya mbio mbio.

"Umeapa," akamwambia Sidi Nizar, machozi yakimtiririka. "Sote tumekusikia umeapa."

"Nimeapa," akasema.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa tayari nainuka. Meherzia akanyoosha kidole, na kilikuwa kinanielekea mimi.

"Na huyu. Huyu msimamizi wako ana mtoto wa kunyonya, anakwenda chooni kila baada ya muda, tulidhani anaumwa tumbo. Nimemfuata. Anayakamua maziwa anayamwaga kwenye sinki, amesimama, mguu ameuweka mlangoni kwa sababu komeo ni bovu. Halafu anarudi anatuuliza sisi kama tuko salama."

Sikuweza kumtazama mtu. Nilikuwa nimezunguka huko na huko nikikusanya taabu za wenzangu, nikiamini kwamba mimi nimesimama nje ya hesabu. Nilishika ukingo wa meza nikahisi blauzi inaloa kifuani, kana kwamba mwili wenyewe umeamua kutoa ushahidi.

Sidi Nizar aliinuka akatoka. Nilimfuata uani, nikamkuta amesimama kwenye jua kando ya gari lake, mlango wazi, haingii.

"Nilidhani nimewapa zawadi," alisema. "Zile saa. Nilikwenda nyumbani siku ile nimefurahi, nikamwambia mke wangu wamenishukuru."

"Tulikushukuru kweli."

"Mngeniambia."

"Na wewe, habari ya hiyo simu yako inayotetemeka umemwambia nani?"

Akanitazama, nikadhani nimevuka mpaka. Akafunga mlango wa gari akarudi ndani.

Hayakuwa mageuzi ya kutangazwa redioni. Wasichana wasio na watoto waliendelea kuanza mapema, wakawa wanakata kola na kuzipiga pasi, ili wenye watoto wakifika baada ya geti la chekechea kufunguliwa wakute kazi imepangwa, waketi washone. Kulikuwa na manung'uniko. Mmoja alisema kwamba yeye si mtumishi wa kina mama, na wiki iliyofuata akaenda kiwanda kingine, hatukuweza kumzuia. Nusu saa ya mkate ilirudi. Sidi Nizar alileta mafuta ya zeituni ya shamba lao na harisa, pilipili yetu ya kusaga, na chai ikawa ya kiwanda, hivyo Sondos alikula kwa sababu watu wote wanakula, bila kumwomba mtu chochote. Khalti Mabruka alipimwa macho akaletewa miwani. Siku aliyoivaa mara ya kwanza alimtazama Sondos kwa makini kisha akamwambia, "Kumbe una chunusi, mwanangu, na mimi nimekusifu kwa mama mkwe wako." Mgongo wa yule mwenzetu haukupata dawa, maana viti vipya Sidi Nizar alisema wazi kwamba mwaka huu hawezi. Mimi nilikuta pembe ya ghala imezungushiwa pazia, ndani yake kiti na jokofu dogo la zamani lililokuwa ofisini kwake. Hakunitajia, nami sikumshukuru kwa mdomo. Nilimpelekea tu kuskusi.

Kola hazikunyooka siku moja. Mzigo wa kwanza baada ya hapo bado ulikuwa na zilizopotoka, na nilipoziona nilikosa usingizi, kwa sababu siri ile bado nilikuwa nayo peke yangu na Agosti ilikuwa inakuja. Wa pili ulikuwa bora. Meherzia alikuwa amerudi kushona kama zamani, akiongea, mikono ikijiendea, ncha kwa ncha zikilingana kama mbawa za ndege. Sondos hakuwa na cha kufumua. Mambo mawili matatu niliyokuwa nikiyasisitiza kila siku bila mafanikio yakaanza kufanyika bila mimi kusema. Lakini Sidi Nizar hakuniambia kitu kuhusu karakana ya Ksar Hellal, nami niliogopa kuuliza. Nilikuwa nikimtazama usoni kila asubuhi nikitafuta habari, na uso wake ulikuwa salama, alhamdulillahi.

Siku ya kufunga ikafika. Tulikuwa kwenye mkate, mabakuli ya mafuta yako katikati, nilipolisikia lori linaingia uani. Lilikuwa tupu, lina kamba na mablanketi ya kufungia mashine. Dereva akashuka, akauliza safu ya kola iko wapi.

Nikauweka mkate chini. Wenzangu waliendelea kutafuna na kuchekana. Sondos alikuwa anaeleza habari ya vazi lake la usiku wa hina. Kupitia mlango niliona Sidi Nizar anatoka ofisini, anamkabili yule dereva. Walizungumza. Dereva akaonyesha simu yake, akaonyesha lori, akainua mabega. Sidi Nizar akamshika bega, akaja naye mpaka kwenye meza yetu, akamwambia karibu, kaa ule, umetoka mbali.

Khalti Mabruka alimsogezea yule mgeni bakuli, akauliza huyu ni nani na lori la nini siku ya kufunga.

"Alikuja kuchukua mzigo," alisema Sidi Nizar. "Nimemwambia haupo."

Akamega mkate, akauchovya, akala amesimama. Kisha akasema, bila kumtazama mtu hasa, kwamba wanunuzi wameomba mashati zaidi kwa majira ya baridi, na kwamba Septemba anataka safu ya kola ianze kabla ya safu nyingine zote. Akaniuliza kama inawezekana.

Nilisema inawezekana. Sauti ilitoka nyembamba, Meherzia akanipiga kiwiko akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimechoka. Nikasema, nimechoka sana, dada, tangu mwanzo wa mwezi silali. Akanitazama kwa mshangao, kisha akanivuta kichwa akakiweka begani mwake, mbele ya watu wote na yule dereva, akaendelea kula kwa mkono wa pili.

Walipoondoka nilibaki kufunga ukumbi. Lori lilikuwa limekwenda zake tupu, na dereva wake alikuwa amealikwa harusini. Nikatandaza vitambaa juu ya cherehani moja baada ya nyingine, nikivikunja pembeni ili vumbi lisiingie, taratibu, kama ninavyomfunika Yakin akishalala, nikijua kwamba zote zitaamka.